Rupia Niliyoing'arisha Bila Kuuliza

Kwanza ondoeni hiyo dawa ya meno mezani. Na limau. Na majivu, na magadi, na chupa ya siki mliyoichukua jikoni kwa mama zenu. Mkishamaliza, vuteni viti tuzungumze.

Nawasemesha ninyi vijana mnaokuja kwangu Hamugembe na sarafu mifukoni. Mmoja ameiokota akipalilia kibanja cha migomba, mwingine ameikuta kwenye kopo la marehemu bibi yake, na wote mmeona kwenye simu mtu fulani akisugua sarafu mpaka inawaka kama taa ya pikipiki. Mnapiga hodi: "Shikamoo Ma Adventina, tumeambiwa wewe ulikuwa sonara." Naitikia. Kisha mnafungua kiganja, na ndani yake kuna kitu cheupe kilichokwaruzwa kila upande, mnataka niwaambie kina thamani gani. Mimi huwaandalia chai kwanza. Sipendi kumpa mtu habari mbaya akiwa na njaa.

Sasa nimestaafu. Mkono bado upo, jicho ndilo limegoma, na huwezi kuchomelea mkufu mwembamba bila jicho. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini nilikaa kwenye chumba kidogo karibu na soko la Bukoba, nikitengeneza pete za ndoa, hereni, vikuku, na medali za watoto wa komunio. Enzi zangu nilikuwa mwanamke peke yangu katika kazi hiyo mtaani kwetu, na nasema bila kuona haya kwamba nilikuwa hodari. Mtu alikatikiwa na mkufu asubuhi, jioni aliuvaa.

Sarafu ziliingia kwenye kazi yangu kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni watu walizileta ziyeyushwe. Rupia za Wajerumani zilikuwa za fedha nzuri, na mbili tu zilitosha pete na hereni. Nimeyeyusha nyingi, msinihukumu. Hatukujua kama kuna mtu angezitaka zikiwa nzima. Baadaye wakaja wageni waliokuwa wakizitafuta, wakafuatiwa na watu wetu wenyewe wapendao vitu vya kale, na kila mmoja akataka yake isafishwe. Safisha hii, Fundi. Ng'arisha hii. Basi nikawa mtu wa sarafu.

Jueni hili kabla ya yote: sarafu nzee ina ngozi. Shaba ikikaa na hewa na jasho la watu kwa miaka inageuka kahawia kama buni iliyokaangwa. Fedha inaingia weusi, na wakati mwingine ukiinamisha kwenye mwanga unaona zambarau na samawati zimejificha ndani ya weusi huo. Ngozi hiyo ndiyo inayomwambia mjuzi kwamba sarafu ni ya kweli na haijachezewa. Dawa ya meno ina chengachenga kama msasa. Ukiisugulia sarafu unaichuna ikiwa hai. Itang'aa, ndiyo. Hata kidonda kinang'aa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Ta Byabato. Alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya besi kanisani, na kazini hakuwa na maneno mengi. Mafunzo yake ya miaka miwili ya kwanza yalikuwa haya: "Weka chini." Nikishika tupa, "Weka chini." Nikishika brashi, "Weka chini." Nilidhani ananinyima kazi kwa sababu ni msichana. Siku moja akanipa heleri, ile sarafu ndogo ya shaba ya Wajerumani ambayo kwayo tumepata neno hela, akaniambia niiangalie kisha nimweleze ninachoona. Nikasema naona taji, maandishi na kutu ya kijani.

"Endelea," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikaa nayo asubuhi nzima. Kufikia saa sita nilikuwa nimegundua kwamba ile kijani haikuwa ya aina moja. Upande mmoja ilikuwa ngumu, imeshikamana na sarafu kama rangi ya mlango. Upande wa pili ilikuwa hafifu, ya ungaunga. Nikiigusa kwa kijiti inadondoka.

"Ile ngumu iache ilivyo," Ta Byabato akaniambia. "Hiyo ya unga ni ugonjwa. Itakula shaba mpaka iishe, na ukiiweka pamoja na nyingine nazo zitaugua. Itenge, ikaushe, iweke mahali pakavu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka ule.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mwema. Yeye alizoea kuloweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri za magari, kwa kuwa maji ya bomba yana dawa na huacha madoa. Siku moja yakaisha, akanituma gereji. Nikamwambia muuzaji, "Nipe ya betri." Akanipa ya betri. Nikarudi, nikamimina kwenye bakuli, nikatumbukiza heleri tatu za mteja, nikaenda kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwa raha zangu. Niliporudi, zile sarafu zilikuwa zimekuwa za waridi, kama ngozi ya chini gamba la kidonda likibanduliwa. Nilikuwa nimeletewa asidi.

Ta Byabato aliinama juu ya bakuli, akanusa, akajinyoosha. Akaimba mstari mmoja wa tenzi kwa besi yake, kama alivyofanya kila alipokasirika. Kisha akasema, "Adventina. Leo umewavua nguo wazee watatu."

Kesho yake kitenge changu kilikuwa na matundu mbele kama kimeliwa na panya, kwa matone ambayo hata sikuyaona yakirukia. Yangeweza kuwa macho yangu. Tangu hapo sinunui kitu cha chupa bila kusoma kilichoandikwa, na kama hakijaandikwa sikinunui. Tena nikajiuliza kwa nini nihangaike na gereji wakati Bukoba hatujawahi kukosa mvua. Natega sufuria safi uani, mbali na bati ili isipate uchafu wa paa, na hayo ndiyo maji yangu mpaka leo.

Nikiwaeleza ninavyosafisha, mtasikitika kwa jinsi kusivyo na maajabu. Sarafu imetoka ardhini na udongo wake? Ilaze kwenye maji ya mvua. Kesho mwaga maji, weka mengine. Fanya hivyo siku tatu, fanya wiki, fanya mwezi. Udongo ukikubali, utaachia wenyewe. Tone moja la sabuni ya vyombo linaruhusiwa kama kuna mafuta ya mikono. Penye tope lililong'ang'ania, chukua kijiti cha meno ulichokilowesha kikalainika, uguse tope tu, usiguse sarafu. Ukihisi kinakwaruza, acha. Ishike kwa ukingo, kamwe si kwa uso, maana alama ya kidole chako ikiingia kwenye fedha itakaa humo kuliko utakavyokaa wewe duniani. Kukausha ni kugandamiza kwa kitambaa laini. Usifute. Mkifuta nitajua.

Kama kuna gundi ya mtu aliyeibandika kwenye kadi, tumieni asitoni halisi, nje penye hewa, jiko likiwa mbali. Ile ya kutolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, inaacha utando. Na mkimaliza msiiweke kwenye vile vifuko vya plastiki laini vinavyonuka. Vinatoa unyevu wa kijani baada ya miaka. Bahasha ya karatasi kavu inatosha. Usipokuwa na uhakika, jaribu kwanza kwenye sarafu isiyo na maana kwa mtu yeyote. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu utajuaje kwamba haina maana kwa mtu yeyote?

Hilo sikujifunza kwa Ta Byabato. Nililijifunza kijijini Ngenge, huko Muleba, nikiwa si mwanafunzi tena. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini, jina langu limefika Muleba yote, na Ta Byabato mwenyewe ameshastaafu, anaishi nyumba ya nne kutoka kwangu hapa Hamugembe.

Ijumaa moja aliingia dukani mwalimu wa shule ya msingi kutoka Muleba, mama wa makamo, nadhifu, anaitwa Anajoyce. Akafungua leso. Ndani kulikuwa na rupia ya fedha, nyeusi kabisa, imetobolewa tundu karibu na ukingo ili ivaliwe shingoni. Kamba yake ilikuwa imekatika.

"Ni ya mama yangu, Ma Leokadia, yuko Ngenge," akasema. "Aliachiwa na mama yake. Amesema ibadilishwe kamba tu. Lakini Fundi, Jumapili hii tuna misa yake ya shukrani, watoto na wajukuu wote wanakuja. Naomba uing'arishe. Nataka kumfurahisha."

Niliikagua kwa lenzi. Upande mmoja mlikuwa na yule mfalme wa Wajerumani mwenye kofia ya chuma, amelika sana, pua na shavu vimekuwa kama kilima kidogo. Kwenye kofia palikuwa na mkato mmoja mrefu, wa panga au jembe. Kutoka kwenye tundu hadi ukingoni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikapima kichwani mwangu kwa haraka ya mtu aliyezoea kuwa sahihi: sarafu iliyotobolewa wakusanyaji hawaitaki. Basi hii si sarafu tena, ni pambo. Na pambo hung'arishwa.

"Njoo kesho," nikasema.

Anajoyce akaipiga picha kwa simu yake, pande zote mbili, ili apate kuwaonyesha ndugu zake ilivyokuwa na itakavyokuwa.

Niliipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia kwa dongo jekundu. Weusi ukatoka kama masizi ya sufuria. Chini yake ikatokea fedha nyeupe tamu, na nakiri kwamba nilifurahi, mkono ukanogewa, nikalainisha na ukingo, nikapitisha tupa kidogo kwenye tundu lisije likakata kamba mpya. Nikaivisha kamba ya ngozi. Jumamosi Anajoyce alipoiona alitokwa na machozi, akanikumbatia mbele ya wateja.

Jumatatu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyeko msibani.

"Fundi, mama anasema siyo yenyewe."

"Kivipi siyo yenyewe?"

"Mama haoni. Macho yalimwishia zamani. Sikukwambia, sikuona kama inahusu. Nilimwekea mkononi, akapitisha kidole mara moja, akauliza, 'Hii ya nani?' Nikamwambia ni yako mama, imesafishwa. Akasema nimwambie fundi arudishe yake. Hakwenda kanisani, Fundi. Watu wote walikuja, padri alikuja mpaka nyumbani, yeye amekaa chumbani. Sasa kaka yangu Philbert anasema anakwenda polisi, kwamba umebadilisha."

Mjue, sonara anaishi kwa neno moja tu: kwamba ulichomwachia ndicho atakachokurudishia. Neno hilo likivunjika, funga duka.

"Zile picha," nikamwambia. "Mwonyeshe Philbert ule mkato kwenye kofia. Upo kwenye picha na upo kwenye rupia. Ulikuwa wa kina, haukufutika."

Alifanya hivyo, na Philbert akanyamaza habari ya polisi. Lakini Ma Leokadia hakuwa na macho ya kuonyeshwa picha. Kila mtu mwingine angeweza kuthibitishiwa, isipokuwa mwenye mali.

Nilifunga duka nikaenda kwa Ta Byabato. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Mwenyewe alisema nini?" akauliza.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye rupia."

"Alisema ibadilishwe kamba."

Hapo ndipo mimi mwenyewe nikasikia nilichokisema.

"Nenda," akasema hatimaye.

"Nikamwambie nini?"

"Sijui. Nenda mwenyewe, usipige simu. Na usibebe zana."

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi hadi Muleba, kutoka hapo bodaboda hadi Ngenge, barabara ya kukung'uta mifupa, nikaingia kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba. Philbert alikuwa amesimama mlangoni, mtu mrefu, amefunga mikono kifuani. Aliniitikia salamu bila kusogea sana, nikapita kwa upande. Nilikaribishwa kiti. Kwetu mgeni akikaa huletewa akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune wakati wa mazungumzo. Siku ile hazikuletwa.

Ma Leokadia alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Nilimtazama vidole. Vilipita kwenye maharage kama vinapiga kinanda, vikatoa bovu, vikatoa jiwe, vikatoa lililotobolewa na mdudu, haraka kuliko ambavyo mimi na lenzi yangu tungeweza. Nikajua hapo hapo kwamba mwanamke huyu hakukosea kwa kukosa macho. Kifuani, kwenye gauni, alikuwa amebana kwa pini medali ndogo ya Bikira Maria, ambayo kabla ya kamba kukatika aliivaa pamoja na rupia.

"Shikamoo Ma."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi."

"Ndimi."

"Una sauti ya mtu mzuri," akasema. "Nirudishie yangu, mwana wange. Hiyo yako ichukue, iko hapo mezani, hakuna aliyeivaa. Sitakusema kwa mtu."

"Ma, ni yako ile ile."

"Yangu naijua. Yule mtu wake alikuwa na shavu la mviringo, hapa, kidole gumba changu kililala. Kabla yangu kililala cha mama. Pembeni ya sikio palikuwa na kitu kigumu kama punje ya mtama. Tundu lilikuwa na mdomo mkali, ukilisahau linakukwaruza. Hiyo yako ni laini kama sabuni. Mtu wake hana uso."

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba ile punje ya mtama ilikuwa uchafu uliogandamana, nikautoa. Ule mdomo nikaupiga tupa. Lile shavu nikalipeleka kwenye gurudumu. Kwamba aliomba kamba, nami nikafanya nilichoona mimi ni kizuri. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema tena kwa Kihaya, kwa sababu kuna maneno ambayo kwa Kiswahili yalitoka kama ya ofisini.

"Watu wa mjini mna maneno," akajibu, na vidole vikarudi kwenye maharage.

Anajoyce alikuwa kwenye kona, analia bila sauti. Philbert akawasha redio, nadhani ili asisikie. Nikaona hakuna nililobakiza. Nikainuka, nikachukua ile rupia mezani kwa kamba yake, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Ma Leokadia nimpe mkononi kwa mara ya mwisho, akiikataa niondoke nayo. Nilipoinama, rupia ikayumba kwenye kamba ikagonga ile medali kifuani pake.

Ililia kwa kifupi. *Tk*. Fedha nzima hulia kwa mlio mrefu mwembamba unaobaki sikioni, lakini fedha yenye ufa haiwezi. Mlio hukatika pale pale ulipoanzia. Sisi masonara tunajua sauti hiyo na hatuipendi.

Vidole vya Ma Leokadia vilisimama ndani ya maharage.

"Rudia," akasema.

Nikaiyumbisha tena. *Tk*.

"Philbert, zima hiyo redio." Redio ikazimwa. "Rudia."

Nikarudia mara tatu, mara nne. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo. Kisha akatoa mkono kwenye ungo, akaushika mkono wangu pamoja na rupia ndani yake, akaukamata kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake.

"Mama akilima, mimi nilikuwa mgongoni," akasema. "Kila akishusha jembe, hii inagonga medali. Siku nzima. Nilikuwa nalala kwa mlio huo." Akaubana zaidi mkono wangu. "Ni yenyewe."

Anajoyce sasa akalia kwa sauti. Philbert akatoka nje, nikamsikia akipenga kamasi kwenye migomba.

Mimi ningependa kuwaambia kwamba hapo mambo yalikwisha. Hayakuisha. Ma Leokadia aliipokea rupia, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na shavu, akapitisha tena, akitafuta. Uso wake ulionyesha kila kitu.

"Ni yenyewe," akasema, "lakini umemfuta."

"Nimemfuta, Ma. Nisamehe."

"Anarudi?"

"Shavu halirudi." Nilijitahidi nisidanganye, ingawa nilitamani sana. "Weusi naweza kuurudisha. Ukiifungia kwenye kopo pamoja na yai lililochemshwa likakatwa vipande, harufu ya lile yai inaitia fedha weusi kwa siku mbili tatu."

"Yai?"

"Ndiyo, Ma. Yai la kuku."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza, kicheko cha chini, cha tumboni. "Mwana wange, yai kula. Hii nipe, nitaichafua mwenyewe. Jasho ninalo."

Kisha akamwita Anajoyce alete akamwani. Zililetwa kwenye kibuyu kidogo, akanimiminia mwenyewe kiganjani, tukatafuna. Akaniuliza habari za mjini, za bei ya kahawa, kama nina watoto. Akanishika vidole, akagusa makovu yangu ya moto mmoja mmoja, akauliza kila kovu lilikujaje, nami nikamweleza. Katikati ya hayo akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Mngeniuliza tu, ningewaambia."

Ndiyo sababu vijana wangu mkija na sarafu siwaulizi kwanza ni ya mwaka gani, wala ni ya fedha au shaba. Nauliza: ya nani? Yuko hai? Mmemuuliza? Mnadhani ni udadisi wa mama mzee. Wengine mnakasirika mnaenda kwa mafundi wenu wa kwenye simu. Nendeni. Lakini wale mnaokubali kumpigia bibi simu pale pale kwenye kiti changu, nimewaona mnavyoongea nusu saa, na mara nyingi sana sarafu inarudi mfukoni ilivyokuja. Hiyo nayo naihesabu kuwa kazi niliyoifanya vizuri.

Siku ile Ngenge, jua lilipoanza kuinama nikaaga. Anajoyce alikuwa amefungua pini, akaiweka medali na rupia kwenye kamba moja, akamvisha mama yake. Ma Leokadia akasema lazima anisindikize hadi mlangoni, hata kama haoni anakokwenda. Akainuka kwa kumshika Philbert bega. Mlangoni akainama kutafuta kandambili zake kwa mkono, na rupia ikaning'inia, ikagonga medali.

*Tk*.

Akavipata viatu, akavaa, akasimama wima. Mwenye bodaboda alikuwa ananipigia honi barabarani. Nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kusema kwaheri nilipomwona anainama tena, polepole, mikono yote miwili mbele kama ya mtu aliyeshika mpini wa jembe. Hapakuwa na kitu chini. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Tulisimama pale, mimi na wanawe wawili, tukamwacha ainame.